Kupima Nafasi na Kuiandika kwa Kifupi

Ukisafiri kwa garimoshi kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, utapita Tabora. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, wasafiri walikwenda huko kwa miguu. Misafara iliondoka Bagamoyo, ikapita nchi ya Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Kwenda pwani ilipelekwa pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliotekwa ili wauzwe. Kutoka pwani zililetwa shanga, nyaya za madini na nguo. Nguo iliyopendwa sana ilikuwa ile ya pamba iliyoitwa merikani, kwa sababu ilitoka Marekani.

Nguo hiyo ilipimwa kwa mkono. Mkono mmoja ni urefu wa kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye ncha ya kidole cha kati, yaani karibu sm 46 kwa mtu mzima. Mikono minne iliitwa shuka. Shuka mbili, yaani mikono minane, ziliitwa doti. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Tabora hakulazimika kusema, "Nipe kipande cha nguo chenye urefu wa mikono minane." Alisema "doti moja", na mwenziwe akaelewa. Neno fupi lilibeba maelezo marefu.

Lakini neno hilo lilifaa pale tu ambapo wote wawili walijua doti ina mikono mingapi, na mkono unaotumika ni wa nani. Pima mkono wako kwa rula, kisha pima mkono wa mwalimu wako. Toa kipimo kidogo katika kipimo kikubwa. Zidisha tofauti hiyo kwa 8. Hapo utajua mnunuzi angepungukiwa sentimita ngapi katika kila doti kama mkono wako ndio ungetumika. Sentimita za rula hazibadiliki kwa mtu mrefu wala mfupi, na ndiyo sababu katika sayansi hatupimi kwa viungo vya mwili.

Katika somo hili tutaona jinsi nafasi zinavyoandikwa kwa kifupi, kwanza shambani, kisha katika ukurasa wa kompyuta. Mahali pote pawili majina huachwa na tarakimu peke yake hubaki. Tutachunguza msomaji anajuaje kila tarakimu ina maana gani.

Kwa nini mimea huachiwa nafasi

Mmea hauwezi kusogea kutafuta chakula. Mizizi yake hunyonya maji na chumvichumvi za udongo ulio karibu nayo tu. Majani yake hupokea mwanga wa jua unaoyaangukia, na hewa ya kaboni iliyoyazunguka, ili kutengeneza chakula. Mimea miwili ikisongana sana, mizizi yake hunyang'anyana maji yaleyale, na majani ya mmoja huutia mwingine kivuli. Mashina huwa membamba na marefu, kwa kuwa kila mmea hujitahidi kuufikia mwanga. Mahindi ya namna hiyo huzaa magunzi madogo, na mengine hayazai kabisa.

Kwa upande mwingine, mimea ikiachana mno, ardhi hukaa wazi bure. Magugu huota mahali hapo, na jua hukausha udongo. Mkulima hulima eneo kubwa akavuna kidogo. Katika mkoa wa Tabora mvua hunyesha msimu mmoja tu wa mwaka, kuanzia mwezi wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Jamaa iliyokosea nafasi wakati wa kupanda haina msimu wa pili wa kurekebisha kosa hilo. Itangoja mwaka mzima.

Unaweza kuyaona mambo haya darasani bila kungoja mvua. Chukua makopo mawili yaliyo sawa, yatoboe matundu chini, uyajaze udongo wa namna moja. Katika kopo la kwanza panda punje 2 za mahindi, na katika kopo la pili panda punje 12. Yaweke mahali penye jua, uyanyweshe maji kiasi kilekile kila siku. Baada ya majuma matatu pima urefu wa mimea na unene wa mashina. Tazama pia rangi ya majani. Andika matokeo katika daftari lako. Usiandike unachotazamia kuona. Andika ulichokiona.

Kusoma nafasi ya mahindi

Bwana shamba akieleza nafasi ya kupanda mahindi, mara nyingi huandika hivi: sm 75 x 30. Ameandika tarakimu mbili tu, lakini amesema mambo mawili marefu. Tarakimu ya kwanza ni nafasi kati ya mstari na mstari. Tarakimu ya pili ni nafasi kati ya shimo na shimo katika mstari mmoja. Kila shimo lina mmea mmoja.

Sasa tuhesabu. Shamba la shule lina upana wa m 9 na urefu wa m 9, yaani sm 900 kila upande. Mistari itakuwa 900 ÷ 75 = 12. Mashimo katika kila mstari yatakuwa 900 ÷ 30 = 30. Kwa hiyo mimea yote ni 12 x 30 = 360. Kila mmea umepata eneo la 75 x 30, yaani sm za mraba 2,250, nao husimama katikati ya eneo hilo. Kwa sababu hiyo mstari wa kwanza hauwi ukingoni mwa shamba. Huwa sm 37 na nusu kutoka ukingoni.

Mkulima mwingine ameambiwa apande kwa nafasi ya sm 90 x 50. Akihesabu, atapata mistari 10 na mashimo 18 katika kila mstari, jumla mashimo 180. Je, atavuna nusu ya yule wa kwanza? Hapana, kwa sababu nafasi hii imekusudiwa mimea miwili katika kila shimo. Mimea yake ni 180 x 2 = 360, sawasawa na ya mwenziwe. Ametumia maagizo mengine akafika palepale, tena amechimba mashimo machache zaidi.

Lakini tuseme ameandikiwa "90 x 50" katika kipande cha karatasi, na mwandishi hakutaja mimea miwili. Akiacha mmea mmoja katika kila shimo, atakuwa na mimea 180 badala ya 360, na nusu ya shamba lake itakuwa ya magugu. Mwingine aliyeambiwa "mimea miwili" lakini akashika nafasi ya 75 x 30 atakuwa na mimea 720, nayo itakufa kiu jua likizidi. Kosa la namna hii huwapata hata watu wazima wanaojua kusoma vizuri. Wamesoma tarakimu zote zilizoandikwa. Jambo ambalo halikuandikwa ndilo lililowaponza.

Muhogo ni rahisi zaidi. Mara nyingi hupandwa kwa nafasi ya m 1 x 1. Kwa kuwa tarakimu zote mbili ni sawa, wakulima husema "mita moja moja", na tarakimu moja imetosha kwa njia zote mbili. Karanga nazo hupandwa karibu karibu, kama vile sm 50 x 10. Nafasi hubadilika kwa aina ya mbegu, rutuba ya udongo na kiasi cha mvua, kwa hiyo usishike tarakimu za mahali pamoja ukazitumia kila mahali.

Je, tarakimu zikigeuzwa?

Mwanafunzi mmoja anasoma 75 x 30 kinyume. Anaweka mistari kila baada ya sm 30, na mashimo kila baada ya sm 75. Je, amekosea?

Chukua karatasi ya miraba. Fanya kila mraba uwe sm 15 za shambani. Weka nukta za mahindi kwa nafasi ya 75 x 30, yaani miraba 5 kati ya mistari na miraba 2 kati ya mashimo. Kisha, katika karatasi nyingine, weka nukta kwa nafasi ya 30 x 75. Sasa geuza karatasi ya pili upande. Utaona kwamba nukta zake zinafanana kabisa na za karatasi ya kwanza! Katika shamba tambarare lisilo na matuta, mwanafunzi huyo hakupoteza kitu. Mimea ni ileile 360, na mwenye jembe atapita katika njia pana zinazokata mistari yake.

Lakini wakulima wengi wa Unyamwezi hupanda juu ya matuta. Tuta haliwezi kufanywa kila baada ya sm 30, kwa kuwa hakuna udongo wa kutosha wa kurundika kati ya tuta na tuta. Hapo maagizo yaliyogeuzwa hayatekelezeki hata kidogo. Tena shamba likiwa kwenye mteremko, mistari hukingamishwa ili izuie maji ya mvua. Ukizigeuza tarakimu, njia pana za sm 75 zitaelekea chini ya mteremko kama mifereji, na maji yatauchukua udongo wa juu wenye rutuba. Idadi ya mimea haikubadilika, eneo la kila mmea halikubadilika, lakini shamba limeharibika kwa sababu mteremko una juu na chini, na karatasi yako ya nukta haikuwa navyo.

Basi mahali penye juu na chini, kulia na kushoto, mpango wa tarakimu ni lazima ujulikane. Sasa tutatazama mahali pa namna hiyo penye pande nne kamili.

Pande nne za tembe

Karibu na mji wa Tabora pana kijiji cha Kwihara. Hapo ndipo Livingstone na Stanley walipokaa mwaka 1872, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871. Walikaa katika nyumba ya aina ya tembe. Nyumba iliyopo leo imejengwa upya, nayo ni makumbusho. Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye kuta nene za udongo na paa bapa lililofunikwa kwa udongo.

Chora tembe kama ndege aonavyo kutoka angani. Chora mraba tu. Juu ya karatasi ni kaskazini, kulia ni mashariki, chini ni kusini, na kushoto ni magharibi. Katika nchi ya miombo, mwenye nyumba hufyeka majani kuizunguka nyumba yake ili moto wa msituni usiifikie. Tuseme anataka kufyeka m 5 upande wa kaskazini, m 2 mashariki, m 3 kusini, na m 4 magharibi. Anaweza kumwandikia kijana wake maneno hayo yote. Au wanaweza kupatana kwamba siku zote wataanza kaskazini na kuzunguka kama mshale wa saa unavyozunguka. Wakipatana hivyo, ataandika tu: 5 2 3 4.

Nafasi hiyo iliyofyekwa ni nafasi ya nje. Hutenga nyumba na vitu vingine. Iko pia nafasi ya ndani. Ukiweka mtungi katikati ya chumba, nafasi kati ya mtungi na ukuta ni nafasi ya ndani. Ukuta wenyewe ni mpaka kati ya nafasi hizo mbili.

Ukurasa wa kompyuta

Funua daftari lako. Maandishi hayaanzi ukingoni kabisa mwa karatasi. Pana sehemu nyeupe pembeni, nayo huitwa pambizo. Ukurasa unaosomwa kwenye kioo cha kompyuta au cha simu pia hugawanywa katika visanduku vya pembe nne, na kila kisanduku ni kama tembe. Kina pambizo nje, kisha mpaka, kisha nafasi ya ndani, na mwisho maandishi au picha. Ukikitia kisanduku rangi, rangi hujaa nafasi ya ndani, lakini haiingii katika pambizo.

Kompyuta haijui ni nafasi gani inayopendeza macho. Ni lazima iagizwe. Maagizo hayo huandikwa katika laha ya mtindo, yaani orodha ya maagizo kuhusu sura ya ukurasa: rangi, ukubwa wa herufi na nafasi. Lugha inayotumika katika laha hizo ilipendekezwa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie, mtu wa Norwei aliyekuwa akifanya kazi Geneva, Uswisi. Lugha hiyo ilikubaliwa rasmi kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Kipimo chake cha kawaida ni pikseli, nukta ndogo ya kwenye kioo, ambayo hufupishwa kwa herufi px.

Maneno ya lugha hiyo yametoka katika Kiingereza. Pambizo huandikwa margin, na nafasi ya ndani huandikwa padding. Mtu anaweza kuagiza kila upande kwa mstari wake, yaani mistari minne. Au anaweza kuandika mstari mmoja mfupi:

margin: 20px 10px 30px 40px;

Mpango wake ni uleule wa mwenye tembe. Tarakimu ya kwanza ni ya juu, ya pili ni ya kulia, ya tatu ni ya chini, na ya nne ni ya kushoto. Tunaanza juu, mahali penye tarakimu 12 katika uso wa saa, na kufuata mwendo wa mshale.

Zikiandikwa tarakimu mbili tu, ya kwanza hutumika juu na chini, na ya pili hutumika kulia na kushoto. Ikiandikwa moja tu, hutumika pande zote nne, kama ile "mita moja moja" ya muhogo. Zikiandikwa tatu, ya kwanza ni ya juu, ya katikati ni ya kulia na kushoto pamoja, na ya tatu ni ya chini. Wengi husahau hii ya tatu, lakini haina ugumu: upande uliokosa tarakimu hufuata upande unaoukabili. Kushoto hufuata kulia, na chini hufuata juu.

Yako mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kati ya tarakimu na herufi px hapaachwi nafasi, wala tarakimu hazitengwi kwa mkato. Ukiandika 20 px, kompyuta hailalamiki. Hulipuuza agizo lote kimya kimya, na ukurasa hubaki kama ulivyokuwa. Bwana shamba angeuliza unakusudia nini, lakini kompyuta haiulizi.

Pili, agizo fupi hutawala pande zote nne. Tuseme umeandika kwanza kwamba pambizo ya kushoto iwe pikseli 50. Kisha, mstari wa chini yake, umeandika agizo fupi: margin: 10px; Ulikusudia kushughulikia pande tatu zilizobaki. Lakini agizo la mwisho limeifuta ile 50, na kushoto nako kumekuwa 10. Basi agizo fupi litangulie, na agizo la upande mmoja lifuate.

Huhitaji kompyuta ili ufanye mazoezi haya. Chukua karatasi, rula na kalamu ya risasi, utumie milimita mahali pa pikseli. Chora kisanduku katikati ya karatasi chenye mm 100 kwa mm 60. Mwenzako akuandikie tarakimu mbili, tatu au nne bila kusema neno. Wewe chora pambizo kufuata tarakimu hizo, kisha apime mwenyewe kama umemwelewa.

Maswali

1. Doti tatu za nguo zina mikono mingapi? Kama mkono mmoja ni sm 46, zina urefu wa sentimita ngapi?

2. Shamba la m 9 kwa m 9 limepandwa karanga kwa nafasi ya sm 50 x 10, mmea mmoja katika kila shimo. Lina mimea mingapi?

3. Mkulima ana shamba la mahindi kwenye mteremko. Mchoree jinsi mistari ya 75 x 30 inavyopaswa kulazwa, na uonyeshe kwa mshale maji ya mvua yanakotoka.

4. Andika kwa maneno nafasi ya kila upande katika agizo hili: margin: 15px 40px 5px;

5. Agizo la padding: 10px 20px 10px 20px; linaweza kufupishwa zaidi. Liandike kwa tarakimu mbili. Je, agizo la padding: 10px 20px 20px 10px; nalo laweza kufupishwa hivyo? Eleza sababu, ukitumia mchoro wa tembe.